Ulimbo wa Msimbu

9 Februari
Baba amepiga simu asubuhi kutoka Msimbu. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kimepatikana, kinakuja wiki hii kuchimba bwawa. Nikamuuliza litachimbwa wapi. Akasema pale bondeni, chini ya shamba la mihogo, kwenye mchanga mweupe unaobaki na unyevu.

Sikujibu kitu. Alidhani simu imekatika, akaita, "Hajra? Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, Baba. Hongera."

Nimenunua daftari hili kwa ajili ya vipimo vya wateja. Fundi cherehani hana haja ya kuandika habari za moyo wake. Lakini leo nimepindua kurasa za nyuma na kuanza kuandika, kwa sababu hapa nyumbani Kongowe, Kibaha, sina mtu wa kumwambia bila kuchekwa.

Mwezi wa sita mwaka jana nilikwenda kumuuguza Mama. Siku moja mchana, jua likiwa kali, nikashuka bondeni kuosha miguu, nikaona kitu chekundu mchangani. Nikadhani ni uzi. Nilipoinama nikakuta ni mmea, mwembamba, haufiki urefu wa kidole changu cha kati. Kila jani lilikuwa na vinywele, na juu ya kila kinywele pamekaa tone la maji. Saa saba mchana! Nyasi zote zimekauka, mawe yanachoma, na kile kijimea kimelowa umande kama alfajiri. Nikagusa tone moja. Likavutika na kidole changu kama gundi. Kisha nikaona inzi mdogo amenasa kwenye jani la jirani, na lile jani linamkunja taratibu, kama mtu anavyokunja mkono akiwa amelala.

Nilikaa pale hadi Mama akatuma mtu kunitafuta.

Kabla sijarudi Kibaha nilikung'uta vikonyo vilivyokauka juu ya karatasi. Mbegu zake ni nyeusi, ndogo kuliko pilipili manga iliyosagwa. Nyumbani nikazigawa. Nusu nikaweka kwenye jokofu, ndani ya kikopo, maana nilisoma kwenye simu kwamba watu wa nchi za baridi hufanya hivyo. Nusu nikaweka kwenye kichupa cha dawa pamoja na punje chache za mchele mkavu, nikakisahau kwenye droo ya cherehani.

Mahali pengine sijaiona. Nimetafuta mabonde yote ya jirani.

15 Februari
Nimekwenda. Nilitaka kumwambia Baba asubiri, au asogeze bwawa hatua chache. Nimefika nikamkuta amesimama na kanzu yake safi kana kwamba ni sherehe. Mpunga wake wa mwaka jana ulikauka wote ukiwa umeshabeba. Mama anafuata maji mbali na mgongo wake ule. Nikafunga mdomo.

Kijiko kilimaliza kazi kabla ya alasiri. Baba alicheka kama kijana.

Kwa hiyo mbegu nilizo nazo ndizo zilizobaki.

2 Machi
Siku ya kwanza ya mfungo. Nimepanda mbegu za jokofu. Vikopo vya mtindi, udongo mweusi wenye samadi kidogo, maji ya bomba. Hazifukiwi chini ya udongo, zinataka mwanga, kwa hiyo nimezinyunyiza juu tu kama chumvi kwenye yai. Kila kikopo nimekifunika kwa kitako cha chupa ya maji iliyokatwa.

Shamsia ametoka nje akaniona barazani nimepiga magoti. Shamsia ni wifi yangu, dada wa mume wangu Halidi. Ameachika Mlandizi, yuko kwetu tangu Novemba. "Wifi, unaroga?"

Nimemweleza. Ameniangalia muda mrefu. "Jani linalokula nyama. Ndani ya nyumba ya kaka yangu."

"Linakula inzi, wifi."

"Leo inzi," akasema, akaingia ndani.

8 Machi
Hakuna kitu. Kushona nguo za Idd hadi mgongo unauma.

13 Machi
Hakuna kitu. Mvua imenyesha kidogo, haikulowesha hata uchochoro. Shamsia analalamika kwamba visahani vya maji nilivyoweka chini ya vikopo vinazalisha mbu. Nimemwambia nitakuwa nabadilisha maji kila asubuhi.

19 Machi
Ukungu. Vikopo vyote vimeota manyoya ya kijivu. Nilipofungua kikopo cha jokofu kutazama mbegu zilizobaki nikakuta zimeshikana. Umeme umekatika na kurudi mara nyingi mno mwezi huu, unyevu umeingia.

Nimekaa jikoni nikilia, na futari haijaiva. Halidi amerudi kutoka shuleni akadhani nimefiwa. Nilipomweleza alijitahidi asicheke, na nilimpenda kwa kule kujitahidi. Halidi anafundisha kemia. Akalichukua birika akanionyesha ule ukoko mweupe ndani yake.

"Maji haya ndiyo unayozimwagia mbegu. Pale bondeni palikuwa na nini?"

"Mchanga tu. Na mvua."

"Samadi?"

"Hakuna. Hata nyasi zilikuwa za shida."

"Basi ndiyo maana inakula inzi," akasema. "Ardhi haiipi kitu."

Nimelifikiria neno hilo usiku kucha. Kitu kizaliwe mahali pasipo na chochote, badala ya kuhama, kijifunze kuwinda.

21 Machi
Leo nimekumbuka kichupa cha droo. Kimekaa karibu miezi tisa kwenye joto la chumba chenye bati. Nimekifungua. Mbegu ni kavu kabisa, zinakimbia kwenye karatasi kwa pumzi tu. Nimefunga pua kwa mtandio ndipo nikathubutu kuzipanda.

Safari hii nimetumia mchanga wa Msimbu niliochukua siku ile ya kijiko, na vumbi la makumbi ya nazi niliyoyaosha mara nyingi kwa maji ya mvua hadi yakaacha kutoa rangi. Kikopo kimoja nimekipa zile za jokofu, mchanga uleule, maji yaleyale, ili nijue kosa lilikuwa wapi.

Zote za kichupa nimezipanda. Sikubakiza akiba.

31 Machi
Idd. Pilau, wageni, nguo mpya za watu wengine. Vikopo kimya.

6 Aprili
Zimeota.

Nimeandika neno hilo nikaacha kalamu nikaenda kutazama tena. Zimeota! Mvua imepiga siku tatu mfululizo, masika yameingia kwa kweli, na leo asubuhi nimeinua kifuniko nikaona nukta za kijani, ndogo hata nikadhani ni vumbi. Nimezitazama kwa kamera ya simu, nikavuta picha hadi mwisho. Kila nukta ina majani mawili. Na moja, ile ya pembeni, tayari imetoa jani la tatu, na jani hilo lina vinywele, na kila kinywele kina tone lake.

Kitu chenye ukubwa wa herufi moja ya gazeti. Hakijaona inzi, hakijaona mama yake, hakuna aliyekifundisha. Kimetoka kwenye punje iliyolala kati ya sindano na vifungo, na jambo la kwanza kinalofanya duniani ni kutega mtego.

Nimemwita Halidi. Amevaa miwani, amevua, amevaa tena. "Subhanallah," akasema.

Kikopo cha mbegu za jokofu hakina kitu.

9 Aprili
Mvua.

10 Aprili
Mvua. Barabara ya kwenda Kwa Mathias ni tope tupu, nimefika kibanda changu cha ushonaji, viatu mkononi. Nimewafikiria wao, vijimea vyangu, mchana kutwa.

14 Aprili
Nimegombana na Shamsia.

Nimerudi kutoka kazini nikakuta kikopo kimoja hakipo mahali pake. Nimekikuta mwisho kabisa wa baraza, karibu na ngazi, na kifuniko kimetolewa. Wiki iliyopita majirani walikuwa wakisema kuna mwanamke anafuga jani linalokula nyama, na nilijua maneno hayo yametoka kinywani mwa nani. Nikamfuata chumbani kwake.

"Wifi, kama hutaki kuviona vitu vyangu, niambie. Usivitupe kidogo kidogo."

Alikuwa anakunja nguo. Hakugeuka. "Sijatupa kitu."

"Nani basi kakisogeza? Upepo?"

"Hajra, mimi naishi hapa kwa hisani. Nimesikia. Sitagusa tena."

Nimetoka nimeshinda na sijisikii vizuri.

19 Aprili
Hatusalimiani ila mbele ya watu. Vijimea vina majani matano.

22 Aprili
Sijui nianzie wapi.

Mchana kulikuwa na joto zito, hewa haisogei. Saa tisa hivi mbingu upande wa Kisarawe ikawa nyeusi. Nilikuwa kibandani nashona, na mteja mbele yangu. Upepo ukaja kwa mara moja. Turubai la jirani likang'oka likapita mbele yetu kama ndege, bango likaanguka, watu wakakimbilia madukani wakipiga kelele. Kisha mvua, si ya matone, ya kumwagwa. Nikafikiria baraza letu. Bati la pale limeshikwa na misumari michache, Halidi amekuwa akisema atalirekebisha tangu mwaka jana. Nikapiga simu nyumbani. Haipokelewi. Nikapiga kwa Halidi, yuko shuleni, hawezi kutoka.

Nilijua. Vikopo vile ni vyepesi kama karatasi. Na vile vijimea, mizizi yao si kitu, tone moja kubwa la mvua linatosha kuving'oa. Nikakaa nyuma ya cherehani nikijiambia ni majani tu, Hajra, watu wanapoteza nyumba. Sikuweza kuliamini hilo. Hakuna mahali pengine. Bonde liko chini ya maji. Kama vimekwenda, vimekwenda.

Mvua ilipopungua nilitembea hadi nyumbani, maji yakinifika kwenye magoti mahali pengine. Kutoka njiani nikaona bati la baraza halipo. Limelala uani kwa jirani, limekunjika. Baraza limefagiwa tupu. Hata beseni halipo.

Nikaingia ndani. Sebule ilikuwa giza, umeme hakuna. Shamsia alikuwa amekaa sakafuni katikati ya chumba, nywele zimelowa, gauni limemganda mwilini. Amejifunga khanga moja tu kifuani. Ya pili ameitandaza mbele yake juu ya viti viwili kama hema. Akaniona, akaweka kidole mdomoni, kana kwamba kuna mtoto amelala.

Akafunua pembe ya khanga. Vikopo vyote. Vyote, kwa mpangilio wangu uleule.

"Nimevibeba kimoja kimoja," akasema. "Viwili kwa pamoja niliogopa. Nilikuwa navifunika kwa kiganja. Kimoja kimeingia tone, lakini nimenyonya maji kwa pamba."

Nikapiga magoti. Vilikuwa vimepoteza umande, vinywele vimelala, lakini vimesimama.

"Vitarudisha," akasema Shamsia. "Jana pia vilikuwa hivi baada ya mvua, asubuhi vikarudisha matone."

"Umejuaje?"

Akainamisha uso. "Kila siku ukishaondoka nakaa navyo. Kile kikopo siku ile nilikipeleka kwenye ngazi kwa sababu jua la asubuhi linafika pale. Niliona vyenye jua vinakuwa vyekundu na vyenye kivuli vinakuwa hafifu. Nilitaka kukurudishia kabla hujaja, nikasahau."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliingia umeshanihukumu, wifi."

Kisha nikasikia maji yakidondoka. Nikasimama, nikafungua mlango wa chumba chake. Dirisha lilikuwa wazi, limepigwa na upepo hadi bawaba imetoka. Godoro lake limelowa kama sponji. Nguo zake, zile alizokuja nazo Mlandizi kwenye begi moja, zilikuwa sakafuni ndani ya maji. Hakuwa amezigusa. Alikuwa na mikono miwili tu na alichagua.

Nikamuuliza kwa nini.

Shamsia alifikiri. Si mtu wa maneno mazuri. "Nilikaa kwa mume miaka kumi na moja, watu wananitazama tumbo," akasema. "Hapa nikapata kitu cha kutazama mimi."

Nimemkumbatia. Tulikuwa tumelowa wote wawili. Usiku huu analala chumbani kwetu na mimi, Halidi amefukuziwa sebuleni, na amekubali bila swali.

23 Aprili
Matone yamerudi. Tumeyaona pamoja, kabla ya chai.

3 Mei
Leo imekamata. Shamsia ndiye aliyeona, akapiga kelele hadi jirani akachungulia. Kidudu kidogo, wale wanaozunguka ndizi mbivu. Kimetua juu ya jani kama anayekuja kunywa. Mguu mmoja ukanasa. Kikavuta, mguu wa pili. Vinywele vya pembeni vikaanza kuinama kuelekea kwake, si kwa haraka, lakini bila kusita. Tulikuwa tunajua kinachotokea na bado tulishika pumzi. Mmea hauna macho. Umejuaje upande aliopo?

Shamsia ameupa jina. Bi Ulimbo. Amesema alipokuwa mtoto kaka zake walikuwa wakinasa ndege kwa ulimbo, na yeye akilia. Huyu hamlilii.

11 Mei
Baba amekuja Kibaha kwa daktari wa macho, ameleta mihogo na samaki wa bwawa lake, perege wadogo, na kuwazungumzia kama wajukuu. Bwawa limejaa. Mama hafuati tena maji. Nilifurahi kwa kweli, na nilikuwa nimeshaamua nisimwonyeshe barazani. Shamsia hakuamua hivyo.

"Shikamoo, Baba. Njoo uone watu wako wa Msimbu."

Baba akainama, mkono mmoja umeshika nguzo. Dawa ya macho ilikuwa bado inamfifisha, akasogea hadi pua ikakaribia kunasa. Akatazama. Chai ikapoa.

"Hii ilikuwa pale bondeni?"

"Ndiyo, Baba."

"Nimepita pale tangu sina ndevu." Akanyoosha kidole, akakirudisha. "Inakula?"

"Inakula wadudu."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia, ungeacha kuchimba?"

Baba si mtu wa kusema uongo ili umpende. Alikaa kwenye kiti, akafuta macho yanayotoka machozi ya dawa. "Nisingeacha," akasema. "Lakini ningeitazama kwanza."

20 Mei
Mvua zimepungua. Vimefika urefu wa kidole. Ninavimwagia maji ya mvua tuliyokinga kwenye pipa.

29 Mei
Ua! Limetoka kwenye kikonyo chembamba kama uzi namba hamsini, waridi iliyopauka, petali tano. Mmea unaoua kwa majani, na ua lake nimeliona linatembelewa na nyuki mdogo na akaondoka salama. Ua liko juu, mbali na majani. Nimeuliza nyuki atajuaje. Halidi amesema hajui. Napenda mwalimu anayesema hajui.

14 Juni
Vinakauka. Kwanza niliogopa, kisha nikakumbuka kwamba hata bondeni mwaka jana vilikuwa vinaishia hivi, vinakuwa vyeusi kuanzia chini. Huu ni mmea wa masika moja. Haungoji kiangazi, unakiachia mbegu zake.

Leo Shamsia amekung'uta vikonyo juu ya karatasi nyeupe. Punje nyeusi, nyingi kuliko nilizozileta. Hatuziweki kwenye jokofu. Mimea ya baridi inataka kukumbuka baridi; hii inataka kupita kwenye joto na ukavu kwanza, ndipo iamini mvua. Tumezitia kwenye vichupa viwili. Kimoja changu. Kingine amekifungia kwenye pindo la khanga, kwa kuwa mwezi ujao anahamia Mlandizi, amepata chumba na kazi ya kupika shuleni.

Sijui nyumba hii itakuwaje bila kelele zake.

22 Juni
Baba amepiga simu. "Njoo Jumamosi."

"Kuna nini? Mama anaumwa?"

"Mama yako mzima. Nimesema njoo. Njoo na huyo wifi yako, na mumeo. Asubuhi."

Akakata.

28 Juni
Tuliondoka alfajiri. Baba alikuwa akitusubiri njiani. Hakutupeleka nyumbani. Alitangulia, akazunguka bwawa kwa upande wa nyuma, ambako sijawahi kufika tangu lichimbwe. Huko ndiko kijiko kilikorundika udongo uliotoka bondeni. Kilima kirefu cha mchanga mweupe, mvua za masika zimekilaza, na unyevu wa bwawa bado umo.

Kilikuwa chekundu.

Nikadhani ni jua la asubuhi. Nikasogea. Hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Kutoka chini hadi juu, mgongo mzima wa kile kilima, walikuwa wao. Mamia, labda maelfu, wamesongamana kama manyoya ya mnyama, na kila kinywele kimebeba tone na kila tone limebeba jua lake. Pale bondeni zamani niliona vijimea vya kuhesabika. Kumbe chini yao mbegu zilikuwa zimelala, za mwaka jana na za miaka ambayo sikuwa nimezaliwa, zimefukiwa mahali zisipopata mwanga. Kijiko kimezipindua.

Miezi yote hii nilidhani mimi ndiye niliyezibeba. Nilidhani zikifa barazani kwangu zimekwisha duniani. Nikakaa kwenye nyasi.

"Dereva wa tipa alikuja Jumamosi iliyopita kuchukua kifusi," Baba akasema nyuma yangu. "Tulishakubaliana. Alishaweka koleo. Nikamwambia ngoja kwanza. Nikatazama. Nikamwambia nenda kachukue kwingine."

"Alikasirika?"

"Sana. Aliniuliza, mzee, mchanga una nini? Nikamwambia inama."

"Akainama?"

"Akakaa saa nzima. Alirudi jana na mkewe."

Shamsia alikuwa amevua viatu. Alitembea pembeni ya kilima taratibu, mkono umefunika mdomo, mara anainama, mara anasimama. Halidi alikuwa amelala kifudifudi na miwani yake, shati jeupe la kazini limejaa mchanga. Mama akaja na birika la chai na vikombe, akatukuta hivyo, akaweka birika chini akakaa nasi bila kuuliza.

Maua yalikuwa yamefunguka, waridi juu ya nyekundu. Hayavumilii adhuhuri. Jua lilipopanda yakaanza kufunga, moja hapa, jingine kule, hadi kilima kizima kikarudi kuwa majani na matone.

Hakuna aliyesema twende.